Mama mkwe wangu unamwambia akapande daladala, halafu mnalia mashabiki wapya hawaji!

MkwewaPongwe:

Wakuu, naandika udongo ukiwa bado masikioni. Sijaoga, sijala, na sili mpaka hili linitoke.

Mnamjua. Jina sitaji kwa sababu hakuna haja, kila aliyewahi kukanyaga shughuli yoyote ya Waswahili huku kaskazini mwa Uingereza anamjua. Yule wa koti la beji. Beji kifuani, beji mgongoni, beji hadi kwenye kofia, akikohoa unasikia njuga. Huyo huyo ambaye kila Machi msimu ukikaribia anatujazia kundi la WhatsApp sauti za dakika nane nane kuhusu spidwei, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo: "Spidwei inakufa ndugu zangu, jukwaani ni mvi tupu, leteni familia, leteni vijana." Mimi mjinga nikasikia. Nikaleta familia. Tiketi tano kutoka mfuko wangu: mimi, mke, watoto wawili, na mama mkwe aliyeshuka kwenye ndege kutoka Tanga hii ni wiki ya pili, kavaa makoti mawili na khanga juu yake.

Tumefika, tumekaa karibu na kona ya kwanza. Pikipiki nne zimejipanga kwenye utepe wa kuanzia mbio. Kwa msiozijua, zile ni cc 500, silinda moja, zinakunywa methanoli, gia moja, na HAZINA BREKI. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Mwendeshaji kavaa kiatu cha chuma mguu wa kushoto, anakiburuza chini, pikipiki inalala, gurudumu la nyuma linachota udongo na kuurusha kwa watu. Utepe ukaruka, zikaja upande wetu, udongo mwekundu ukatumwagikia kama pilipili ya mishkaki. Mama mkwe akajifuta mdomo kwa pembe ya khanga, akanigeukia, akauliza kwa upole, swali la mtu mwenye akili zake timamu:

"Baba Nasra, mbona hawa hawafungi breki? Breki ziko wapi?"

Wakuu. Yule bwana, ambaye hajaulizwa, aliyekaa safu ya nyuma yetu na penseli sikioni, akapaza sauti mpaka nadhani wale wa pikipiki walisikia: "BIBI, UKITAKA BREKI KAPANDE DALADALA!"

Akacheka. Wakacheka na wale wapambe wake watatu. Na alisema kwa Kiswahili! Angesema kwa Kiingereza ningepata walau upenyo wa kumtafsiria mama kitu kingine.

Daladala. Mama aliyenipa mke. Kapande daladala.

Halafu hakuishia hapo. Mwanangu kafungua kile kijitabu cha kuandikia pointi, kachukua kalamu ya wino aandike nani kapata 3, nani 2, nani 1, nani sifuri. Bwana beji kamnyang'anya: "Hapa tunaandika kwa penseli, marefa hubadilisha matokeo." Mtoto wa miaka tisa! Kisha akatuambia tulipokaa ni pake tangu 1996, tusogee. Hakuna namba ya kiti pale, ni benchi tu. Tukasogea. Tumesogea mpaka nyuma ya nguzo, mbio ya 7 hadi ya 15 nimeziangalia kwa sikio.

Lakini kalamu namsamehe. Benchi namsamehe. Daladala simsamehi. Kwenye gari kurudi mama hakusema neno, anatazama dirishani tu, tumefika mlangoni ndiyo kaniuliza: "Kwani nilikosea kuuliza?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mnataka mashabiki wapya? Endeleeni kuwatuma stendi.

MzeewaKijiwe:

Pole mkuu. Ila daladala yenyewe breki inayo? Mimi niliwahi kupanda moja breki yake ilikuwa konda. Anaruka chini na jiwe, anaweka kwenye tairi, ndiyo mmefika.

BintiMakorora:

Ngoja nielewe. Mama wa watu katoka Tanga, baridi inamkata mbavu, wewe umempeleka akamwagiwe kifusi na pikipiki zisizo na breki. Halafu mwenye makosa ni mtu wa beji? Wakwe wenzako wanapeleka mama zao madukani.

MkwewaPongwe:

Binti soma uzi. Alitaka kwenda MWENYEWE. Kaona kwenye simu ya mjukuu akasema hawa watoto wanacheza vizuri. Hata zile rangi za kofia alishazishika kabla ya mbio ya tatu, nyekundu na buluu wenyeji, nyeupe na njano wageni. Mbio ya tatu! Mke wangu mpaka leo hazijui. Na mtu kama huyo ndiye unamwambia akapande daladala.

Sokomoko:

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja. Mizimu ndiyo imesema kupitia huyo bwana.

ShuhudawaKona:

Mimi nilikuwepo, safu ya tatu. Tuwe wakweli, hakusema daladala. Alisema matatu.

MkwewaPongwe:

Shuhuda uongo huo! Yule ni mtu wa Temeke, matatu kaitoa wapi? DALADALA. Nimeisikia kwa masikio haya yenye udongo.

ShuhudawaKona:

Basi wewe ulisikia kwa udongo, mimi nilisikia kwa masikio.

KofiayaNjano:

Kinachoniuma mimi ni kwamba lile ndilo swali bora linaloweza kuulizwa uwanjani pale. Angemjibu tu: mama, kona zote ni za kushoto, mtu anapunguza mwendo kwa kulaza pikipiki na kucheza na gesi. Wanne wanakimbia wamebanana, mmoja akifunga breki ghafla, wa nyuma anampanda mgongoni. Usalama wao ni kutokuwa nazo. Sekunde kumi hazifiki! Mama angerudi Tanga anawasimulia mashoga zake mtaa mzima.

MkwewaPongwe:

ASANTE! Sekunde kumi! Yeye katumia sekunde tatu kusema daladala.

Kilosamjini:

Mi nataka kuongelea trekta la pale uwanjani. Nilienda mara moja, mwaliko wa huyo huyo bwana beji. Mbio 15, kila mbio mizunguko minne, dakika moja imekwisha. Yaani usiku mzima nimeona pikipiki dakika kumi na tano. Zilizobaki nimeona trekta likizunguka kusawazisha udongo. Mimi nimekulia shambani, trekta naliona toka nazaliwa, na sijawahi kulipia kiingilio. Halafu mara ya pili nikaenda, mvua ikanyesha kidogo tu, wakaahirisha. Nchi hii mvua hainyeshi lini?

Kariakooboy:

Na ile sheria ya mgeni mmeielewa nyie? Mtu wenu kaumia, mnaazima mwendeshaji wa timu nyingine ya ligi hiyo hiyo, anakuja kuwakimbilia usiku mmoja. Wiki ijayo yuko kwao, mnakutana naye anawafunga. Ni kama Yanga kipa kaumia halafu Jumamosi langoni anakaa kipa wa Simba. Nchi ingekalika? Nikamuuliza bwana beji hilo, kanijibu "utaelewa ukikua." Nina miaka 44.

Jogoolashamba:

Usiilete Simba hapa tafadhali. Kipa wetu hadaki kwa vibarua.

Kariakooboy:

Hadaki kabisa, hilo tunakubaliana.

MpolendiyaTorun:

Salamu kutoka Poland. Huku mchezo huu unaitwa żużel, neno lenyewe maana yake ni yale mabaki magumu ya tanuri la makaa ya mawe, maana ndiyo waliyokuwa wakimwaga njiani zamani. Njooni Toruń muone. Bendera, ngoma, vijana wa sekondari, mabinti, bibi na wajukuu. Bartosz Zmarzlik ni bingwa wa dunia mara sita, ukisema jina lake vibaya muuza mkate anakurekebisha. Mwaka 2015 pale Warsaw uwanja wa taifa ulifurika, mtambo wa utepe ukagoma, njia ikachimbika, mbio zikakatishwa baada ya ya 12. Aibu ya mwaka. Mwaka uliofuata watu wakarudi. Hakuna aliyeambiwa akapande basi.

Mara ya kwanza naenda nilikaa na mzee mmoja, Kiswahili hajui, Kiingereza hajui. Kanipa penseli yake ya ziada, akawa ananigusa bega kila nikikosea kisanduku. Msimu mzima tulikaa hivyo.

BintiMakorora:

Huyu wa Poland naye kaja kutuonesha maisha.

BabuWembley:

Vijana, mimi nilikuwepo Wembley 1981, fainali ya dunia. Watu zaidi ya elfu tisini. Bruce Penhall wa Marekani alichukua. Nilikuwa na suruali ya bwanga na nywele kichwani. Moshi ule wa mafuta ya mbarika ya kulainishia injini ukiusikia siku moja hautoki puani, hata leo mke wangu akinipaka mbarika goti naanza kunguruma. Tulikuwa hatuna haja ya kutafuta mashabiki, tulikuwa tunatafuta pa kukanyaga. Sasa viwanja vinauzwa, vinajengwa nyumba. Swindon hamna, Peterborough hamna, Wolverhampton hamna. Hapo kosa si la beji peke yake.

Sokomoko:

Babu suruali ya bwanga 1981 si ilikuwa imeshapitwa?

BabuWembley:

Zanzibar ilikuwa bado.

MkwewaPongwe:

Babu shikamoo. Nakubali viwanja vinauzwa. Lakini sisi watano tulikuwa TUMESHAINGIA uwanjani, tumeshalipa, tumeshakaa, tumeshamwagiwa udongo na bado tunacheka! Mtu wa namna hiyo unamwambia nini? Unamwambia karibu. Humwambii kapande daladala.

Mamantilie_UK:

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Huyu bwana wa beji si ndiye aliyesimamia pilau ya Desemba? Tulichanga pauni kumi kumi, sufuria ikaanzia meza yake, ilipofika kwetu ilikuwa wali wa rangi ya pilau.

Kilosamjini:

Ndiye! Mimi nilipata kiazi kimoja na mdalasini. Mdalasini nzima, kijiti.

ShuhudawaKona:

Hata hiyo si kweli. Nyama zilikuwepo, nyie mlichelewa.

Kilosamjini:

Shuhuda wewe uko kila mahali, na kila mahali unamtetea. Una beji ngapi?

Mamantilie_UK:

😂😂😂 Huyu ni mpambe namba mbili, ndiye aliyecheka.

Msafiri_Kisauni:

Mimi wa Mombasa naomba kuuliza, kwa nini daladala iwe tusi? Matatu zetu zina muziki, zina picha, zina breki za uhakika. Kama ni matatu alisema, mama alipewa heshima.

MzeewaKijiwe:

Breki za uhakika? Matatu ya Likoni niliyopanda dereva alikuwa anasimamisha kwa dua.

Msafiri_Kisauni:

Ile ilikuwa teremko la kwenda kivukoni, pale hata treni haisimami. Daladala zenu mnakaa wanne kiti cha watatu halafu konda anasema "sogea kidogo mama."

Jogoolashamba:

Wanne ni bahati. Gongo la Mboto jioni tunakaa wanne, wa tano anakaa kwenye mawazo.

Kariakooboy:

Nauza helmeti mbili za pikipiki, hazina mkwaruzo, nipo Leeds. Inbox.

BintiMakorora:

Kariakooboy ina kioo? Nyeusi bei gani?

MkwewaPongwe:

Jamani mada yangu. Mama anaondoka Jumapili, Alhamisi kuna mbio nyingine na anasema anataka kwenda. Nimpeleke au nisimpeleke? Kanunua na penseli.

Kariakooboy:

Binti ipo nyeusi na ipo ya fedha, ya fedha nakupunguzia.

MzeewaKijiwe:

Tukirudi kwenye Likoni, huyo dereva alikuwa na ndevu nyekundu hivi? Kama ndiye, ananidai chenji.

Msafiri_Kisauni:

Anakudai wewe? Abiria unadaiwaje chenji na dereva?