Oktoba 30 iwe siku ya Kagera, au Mashujaa ya Julai 25 inatosha?

Mto_Ngono
Wakuu habari za asubuhi. Kila Julai tunawashiwa mwenge usiku wa manane, kesho yake rais anaweka mkuki na ngao, mkuu wa majeshi anaweka sime, bendi inapiga, basi tumemaliza mpaka mwakani. Sina ubaya na hilo ila siku ile ni ya wote kwa mkupuo, aliyenyongwa na Mjerumani na aliyekufa juzi kule DRC. Sisi wa Misenyi tuna tarehe yetu. Oktoba 30, 1978 jeshi la Idi Amin wa Uganda lilivuka mpaka pale Mutukula likashuka mpaka mtoni, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, na Novemba mosi nduli akatangaza kaskazini yote ya mto Kagera ni Uganda. Songea wana Februari 27 yao ya Majimaji na hakuna anayelalamika. Kwa nini Kagera isiwe na yake, wazee waliopigana wakaitwa mbele wakiwa hai? Jenerali Msuguri, mmoja wa makamanda wa vita ile, kaondoka 2024 ana miaka 104, na yule alikuwa mkubwa anajulikana. Hawa wadogowadogo wanazikwa kimyakimya tu.

Kinubi
Tarehe yenyewe ina utata mkuu. Ndege zao zilishaipiga Bukoba kabla ya hapo, Oktoba hiyohiyo, na askari wao walikuwa wanavuka wanapora ng'ombe wanarudi. Halafu Mwalimu Nyerere katangazia taifa Novemba 2. Sasa tuadhimishe siku tuliyopigwa au siku tuliyosema tunampiga? Mimi naenda na Novemba 2, ile hotuba ya nia, sababu na uwezo wa kumpiga.

Sajini_Mstaafu_Mtarajiwa
Umekosea mpangilio. Uwezo ndio wa kwanza.

Kinubi
Sababu ndio ya kwanza, na hata nilivyoandika mimi nimekosea. Huwezi kuwa na uwezo kabla ya sababu.

Sajini_Mstaafu_Mtarajiwa
Sio suala la falsafa, ni suala la alichosema mzee. Hotuba ipo, kasikilize.

Dada_wa_Kemondo
Mngekuwa nyie ndio makamanda Amin angekuwa ameshafika Tabora mkiwa bado mnapanga maneno.

Posta_Mpya
Mimi nitasema ambalo hamtaki kulisikia. Oktoba 30 ni siku ya aibu, sio ya mashujaa. Mpaka mzima ule ulikuwa na askari wa kuhesabu, jirani yako anatukana redioni mwaka wa saba, anamwambia rais wako waje ulingoni wapigane ngumi Muhammad Ali awe refa, wewe umelala. Daraja la Kyaka wakalilipua mwanzoni mwa Novemba wakakaa upande wa pili wanakula ng'ombe zetu. Nani anaadhimisha siku aliyofumaniwa? Tuadhimishe Aprili 11, siku Kampala ilipoanguka. Na hii habari ya kuwaita wazee mbele tuwe makini, maana wanajeshi kamili wanajulikana na pensheni zao wanapata. Mgambo walikwenda kubeba masanduku tu, wengine walirudi na redio za kaseti.

Mjukuu_wa_Bunazi
Kuhusu kulala, ni kweli na sio kweli. Nchi ilikuwa imetoka kuvunjikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, hakuna mafuta hakuna vipuri, na jeshi lilikuwa kusini na katikati huko. Kuleta askari toka Songea mpaka Kyaka kwa barabara za wakati ule, msimu wa mvua, sio kazi ya wikiendi. Mpaka Januari walikuwa wameshamtoa na wameingia Mutukula. Sasa hiyo ni aibu gani?

Binti_Mgambo
Nimesoma ya Posta_Mpya mara mbili nikaweka simu chini nikaenda kufua, nimerudi bado inaniuma. Baba yangu alikuwa mgambo. Alichukuliwa shambani, kaondoka na makatambuga na panga akiamini anakwenda semina, akarudi mwaka mmoja baadaye hasikii sikio la kushoto. Mpaka anakufa ukitaka kumwambia kitu unazunguka kulia kwake. Tukiwa watoto tulikuwa tunamtania, tunamsema upande wa kushoto, yeye anatabasamu anadhani tunamsifia. Sasa niambie hayo masanduku aliyobeba yalikuwa na nini, karanga? Risasi alizopiga huyo mwanajeshi wako kamili zilifika Lukaya kule Uganda kwa bodaboda?

Posta_Mpya
Pole kwa mzee dada yangu. Ila hujajibu la redio.

Binti_Mgambo
Redio gani! Alirudi na kijiko cha bati na tumbo la kuhara. Wewe baba yako alikuwa wapi 1979?

Posta_Mpya
Alikuwa kwenye foleni ya sabuni kama Watanzania wengine. Nayo ni vita.

Dada_wa_Kemondo
😂😂 hapo kwenye sabuni nimekuelewa

Sajini_Mstaafu_Mtarajiwa
Posta wewe unachokoza. Jeshi lilitoka kama elfu arobaini likapita laki moja kwa muda mfupi, unadhani hao wa ziada walitoka wapi kama sio mgambo, polisi, magereza, JKT? Na walitembea kwa miguu toka Mutukula hadi mpaka wa Sudan. Kwa miguu! Wewe ukishuka kituo kimoja kabla unapiga simu nyumbani.

Mzee_Kigongo
Naomba niingie kwa adabu maana naona mnapigana kwa jambo ambalo wengine tulikuwepo. Mimi nilikuwa mgambo. Redio zilikuwepo. Sio wote, lakini zilikuwepo, na baiskeli, na vitambaa. Kampala tulikuta maduka yamefunguliwa na wenyewe raia, vurugu tupu, sisi tuna miezi hatujaona hata sabuni. Wakubwa walikataza, walikagua malori, mengine yalipita. Mimi nilikuja na redio ya bendi tatu. Sijivunii na sijifichi. Ila huyo kijana anayesema masanduku aje anishike bega la kulia, lipo chini kuliko la kushoto mpaka leo.

Posta_Mpya
Shikamoo mzee. Sikuwa namaanisha wewe.

Mzee_Kigongo
Marahaba. Ulimaanisha mgambo, na mimi ni mgambo.

Kinubi
Hii ndio sababu mijadala hii inakuwa ya moto, hatufundishwi. Mimi vita ya Kagera niliijulia kwenye mchakamchaka, kila asubuhi tunamtupa Amin mtoni aliwe na mamba, nimekuja kujua ukubwani kwamba alifia kitandani Jeddah 2003. Nilijisikia kudhulumiwa.

Mjukuu_wa_Bunazi
Na mimi naomba niseme jambo moja kabla uzi haujageuka duka la redio. Askari wetu waliokufa vita nzima vitabu vinataja 373, na waliouawa mapigano kabisa hawafiki mia, wengine ajali na magonjwa. Raia wa Kagera waliouawa wanakadiriwa 1,500. Askari wana makaburi Kaboya, yamepakwa rangi, yamepangwa mstari, nimekwenda, panatia heshima. Raia wako migombani. Bibi yangu alivushwa mto na mtumbwi usiku kabeba mama yangu mgongoni na kuku mmoja kamfunga mdomo asilie. Mdogo wake alibaki nyuma kumsubiri mume. Hatujui alipo mpaka leo. Sasa mkisema mashujaa, huyu aliyebaki anaingia kundi gani?

Mto_Ngono
Ndio maana nasema Oktoba 30 na sio Aprili 11. Aprili ni ya waliofika Kampala. Oktoba ni ya wote, aliyekimbia, aliyebaki, aliyekuja kukomboa.

Posta_Mpya
Hapo umesema kitu. Ungeanza na hiyo tusingefika huku.

Sajini_Mstaafu_Mtarajiwa
Mjukuu umenigusa ila raia sio veterani, tusichanganye. Tukianza hivyo kila mtu atakuja na bibi yake.

Mjukuu_wa_Bunazi
"Kila mtu atakuja na bibi yake." Haya. Nashukuru.

Dada_wa_Kemondo
Sajini hilo neno ungelimeza tu.

Sajini_Mstaafu_Mtarajiwa
Nimemaanisha kwenye stahiki, pesa, sio heshima. Msinigeuze.

Binti_Mgambo
Eti stahiki. Baba alikwenda ofisi moja wilayani na barua iliyokunjwa mara nane mpaka ikachanika kwenye mikunjo, wakamwambia alete cheti. Cheti cha nini? Aliyemuandikisha alikuwa katibu kata na daftari la mistari, daftari lenyewe lilishaliwa na mchwa. Akaambiwa arudi Jumatatu. Akaenda Jumatatu tatu. Ya nne akasema potelea mbali, ng'ombe hawajachungwa. Mimi siku mnayotaka kuitenga sijui itamsaidia nini, ila angeitwa hata mara moja akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai na soda mkononi, jina likasomwa kwenye spika, mwenzenu angelisimulia mwaka mzima. Na angekaa kwa sikio la kulia.

Kinubi
Dah.

Mzee_Kigongo
Binti yangu baba yako alikuwa kikosi gani? Kama alipita Masaka Februari huenda nilimuona. Sisi tulikuwa nyuma ya kamanda Walden, yule tukimwita Black Mamba.

Binti_Mgambo
Shikamoo baba. Sijui kikosi. Alikuwa anasema tu Masaka kulikuwa na mananasi.

Mzee_Kigongo
Marahaba mwanangu. Yalikuwepo. Tuliyala na maganda.

Mto_Ngono
Jamani naomba turudi kwenye mada, hivi tunakubaliana na Oktoba 30 au hatukubaliani? Nataka nimuandikie mbunge.

Kinubi
Novemba 2.

Sajini_Mstaafu_Mtarajiwa
Julai 25 inatosha, iongezwe tu bajeti ya wazee.

Posta_Mpya
Mimi nimehamia Oktoba 30. Mzee Kigongo samahani naomba kuuliza, ile redio bado ipo?

Mzee_Kigongo
Ipo kabatini. Inashika stesheni moja na mlango wa betri nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.

Dada_wa_Kemondo
Baiskeli nayo ya wapi mzee? 😂