Siku ya burudani na huduma kwa wakazi wakati wa likizo ya Juni hapa Bagamoyo: tuipange vipi?

Mkazi wa Dunda aliuliza:

Ndugu zangu wa Bagamoyo na vitongoji vyake, nawasalimu nyote.

Sisi wazazi wachache wa kata za Dunda na Magomeni tunakusudia kuandaa siku moja, Jumamosi, ndani ya likizo ya Juni, ambapo watoto watacheza, wazee wataketi kwenye bao, vikundi vya ngoma vitapata uwanja, na papo hapo mkazi ataweza kupata huduma ambazo kwa kawaida humgharimu nauli na siku nzima ya kazi. Masika yatakuwa yamekatika na kipupwe kimeshika, kwa hiyo hata mzee anaweza kukaa nje tangu asubuhi bila kuteseka kwa jua.

Mji wetu haukosi sanaa. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapa tangu ilipoanzishwa ikiitwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na tamasha lake la kila mwaka huleta wasanii na wageni kutoka nchi nyingi. Tunalipenda na tunajivunia. Hata hivyo tamasha lile ni la taifa zima, nasi tunatafuta siku ya mtaa, ambayo mama muuza vitumbua wa Magomeni ataiona ni yake.

Linalonisumbua hasa ni upande wa huduma. Nimehudhuria siku za namna hii mahali pengine, nikaona meza zimepangwa vizuri, zimefunikwa vitambaa na kuwekewa mabango, lakini mama aliyefika na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi akaambiwa achukue fomu, kisha afike ofisini Jumatatu. Mtu aliyefunga genge lake na kupanga foleni saa nzima, akijibiwa hivyo, mwaka unaofuata hatakuja, na atawaambia jirani zake wasije.

Kwa hiyo naomba ushauri wenu. Ni huduma zipi zinazoweza kukamilika uwanjani siku hiyohiyo? Tarehe ipi itafaa, kwa kuwa vijana wa pwani wanataka pia mashindano ya ngalawa? Na vibali tuanzie mlango gani?

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, umegusa penyewe. Kipimo cha huduma ya siku moja ni kwamba mtu arudi nyumbani na kitu alichokijia, iwe ni cheti, dawa au jibu la kipimo chake. Nikianza na watoto, Juni ni mwezi wenye bahati, kwa sababu Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto huadhimishwa nchini mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Watoto wa kuanzia miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na wale wa kuanzia miezi 12 hadi 59 hupewa pia dawa za minyoo. Kazi hii huchukua dakika chache kwa kila mtoto na haina fomu ya kurudi nayo ofisini. Zungumzeni mapema na mganga mkuu wa wilaya ili uwanja wenu uwe mojawapo ya vituo vya siku hiyo, wala msianzishe zoezi lenu pembeni mkaja kumpa mtoto dozi mara mbili.

Cheti cha kuzaliwa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano nacho kinaweza kutolewa siku hiyohiyo. Chini ya utaratibu wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, usajili wa watoto hawa hufanyika katika vituo vya afya na ofisi za kata, cheti hujazwa hapohapo na hakina malipo. Ila yule mtoto aliyekwisha kuvuka miaka mitano ana njia nyingine, ndefu zaidi na yenye ada, ambayo hupitia ofisi ya wilaya. Tangazeni tofauti hiyo tangu mwanzo, kwa herufi kubwa, kwa sababu foleni nyingi huharibika hapo: wazazi wa watoto wa darasa la nne wanasimama saa mbili kusubiri kitu ambacho meza ile haina uwezo wa kukitoa.

Jambo la tatu, ambalo nalitilia mkazo kuliko yote, ni uchangiaji wa damu. Wanafunzi wa sekondari ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa katika nchi yetu, na shule zinapofungwa akiba ya damu hupungua, ilhali mama wajawazito na watoto wenye malaria kali hawaendi likizo. Siku yenu inaangukia katika pengo hilohilo. Mchangiaji awe na umri wa kuanzia miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya miezi minne. Ale, anywe maji ya kutosha, na baada ya kutoa akae kivulini. Yule anayekwenda kupanda ngalawa au kucheza ngoma achangie baada ya shughuli yake na baada ya kupumzika, kamwe si kabla.

Na meza ya kupima shinikizo la damu iwekwe mbali na ngoma. Nimeona watu wakitoka kucheza, jasho likiwatiririka, wakanyoosha mkono kwenye mashine, kisha wakaambiwa wana presha na kurudi nyumbani na hofu isiyo na msingi. Mtu aketi kwanza dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, asiwe ametoka kunywa kahawa, na asiongee wakati wa kupimwa. Akipatikana na 140 kwa 90 au zaidi, apimwe mara ya pili, na akiwa bado juu apewe barua ya kwenda kituo cha afya, kwa kuwa kipimo kimoja cha uwanjani hakitoshi kumwita mtu mgonjwa.

Nahodha wa Ngalawa alijibu:

Nachangia habari ya tarehe, kwa kuwa naona inapangwa kwa kalenda ya ukutani peke yake, na bahari haisomi kalenda hiyo.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hapa kwetu maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Anayeujua ufukwe ulio chini ya Forodha ya Wajerumani anajua maana yake: saa nne hiyo bahari imekwenda mbali, vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga na tope, na hakuna ngalawa itakayoondoka. Mkitangaza mashindano ya asubuhi katika siku ya bamvua, watazamaji watakuja kuangalia kaa wakikimbilia mashimo yao. Mkiyasogeza hadi alasiri maji yatakuwepo, lakini na upepo pia utakuwepo. Juni ni kusi. Asubuhi kusi huwa na adabu kidogo, ila baada ya adhuhuri hukaza, bahari ikachafuka, na kijana asiye mzoefu akichelewa kulegeza tanga chombo kitamlalia.

Shauri langu ni kuchagua Jumamosi inayoangukia karibu na mwezi wa siku saba au wa siku ishirini na mbili, katika maji mafu. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Hayapandi sana, lakini yanatosha kuelea ngalawa, na mkondo wake si mkali. Mashindano yaanze saa tatu na nusu, yaishe kabla ya saa sita. Kila aliyemo chomboni avae jaketi okozi, nahodha na baharia wake pia, wala asiachwe mtu kwa hoja kwamba amezaliwa pwani. Iwepo boti ya mashine ya kufuatilia nyuma, na kabla ya kuondoka mtu mmoja mwenye mamlaka apite akague kila chombo: kamba za foromali (mti unaoshika tanga), usukani, na kama kuna kitu cha kukumbia maji. Chombo kilichochakaa kibaki pwani hata kama mwenyewe atanuna.

Watoto walio chini ya miaka 18 wasishindane baharini. Watengenezewe ngalawa ndogo za mti wa mbuyu au mbao laini, wazishindanishe katika maji ya magotini, na wazee wawafundishe kukata tanga. Hilo litawapa furaha kubwa na halitamtia mzazi wasiwasi.

Katibu wa Kikundi cha Akina Mama alijibu:

Shikamoo, mama muuguzi, na nahodha. Nimejifunza mengi, ila naomba niseme kwa upole kwamba orodha inaanza kuwa ndefu. Matone, vyeti, damu, presha, ngalawa, bao, ngoma: kila moja ni njema, lakini siku ni moja na watu wa kujitolea ni haohao. Chagueni huduma tatu na zifanyike kwa ukamilifu.

Kuna huduma ambazo hakuna mtu atakayeziandika kwenye bango, nazo ndizo zitakazoamua kama mama atakaa mpaka jioni au ataondoka saa tano: vyoo, maji ya kunywa na ya kunawa, na kivuli. Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji pahali pa kukaa kunyonyesha pasipo macho ya watu. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume na viwe na ndoo ya maji iliyojaa wakati wote, na awepo mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa kazi ya kujaza ndoo isiyo na mwenyewe haifanyiki. Mapipa ya taka yawe karibu na wauza vyakula, na mkubaliane na halmashauri gari lipite lini kuyachukua, la sivyo Jumapili asubuhi tutakuwa na ufukwe uliojaa chupa za plastiki, na maji ya jioni yatakuwa yamezizoa tayari.

Kuhusu wauzaji, nawasihi nafasi za kwanza ziwe za wanaouza hapahapa mjini: wakaanga samaki wa sokoni, wauza vitumbua, urojo, madafu, wasuka ukili. Wasitozwe ada ya meza inayozidi faida yao ya asubuhi nzima. Ingefaa pia afisa maendeleo ya jamii aalikwe kueleza ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wengi wetu tumeisikia redioni, lakini hatujapata mtu wa kukaa naye ana kwa ana na kumuuliza kikundi chetu kinakosa nini. Hiyo si huduma ya kumalizika siku moja, nakubali, lakini mwenye maswali akiondoka na majibu kamili, hakupoteza siku.

Tafadhali iwepo pia meza ya watoto waliopotezana na wazazi, yenye watu wawili wanaojulikana na uongozi wa kata, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto iandikwe hapo. Mtoto asikabidhiwe kwa yeyote anayedai ni mjomba.

Mwalimu wa Sanaa alijibu:

Kwa upande wa vibali, anzeni na mtendaji wa kata, ambaye atawapa barua ya utambulisho. Kisha nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atakayewaelekeza juu ya taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kuhusu maonyesho ya hadhara. Halafu polisi wapewe taarifa kwa maandishi, ikiwa na ratiba, eneo na jina la mtu anayewajibika. Zimamoto nao waarifiwe, na namba yao ya dharura, 114, itangazwe. Msiache kazi hii hadi wiki ya mwisho, kwa kuwa barua moja ikikosa muhuri nyingine zote husubiri.

Juu ya burudani yenyewe ninalo la kusema. Naomba msijaze siku kwa spika kubwa na nyimbo za kwenye simu. Wilaya hii ina Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua, na wapo wazee wanaocheza mdundiko na selo kwa namna ambayo mtoto wa leo hajaiona ila kwenye skrini. Mpeni kijana nafasi ya kuona ngoma ikiandaliwa: moto mdogo wa makuti unawashwa, ngoma inaelekezwa upande wa ngozi, mpigaji anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaisogeza tena, mpaka sauti ikaze. Robo saa hiyo ina mafunzo ya kutosha kabla hata mchezo haujaanza, na ingefaa mtangazaji aieleze badala ya kuificha nyuma ya jukwaa.

Bao lipewe kivuli kizuri na muda mrefu. Bao la kete, lenye mashimo 32 na kete 64, haliwezi kuharakishwa kwa kengele. Wazee wakae na vijana, jozi kwa jozi, na mshindi asitafutwe kwa nguvu.

Mkipenda kuwatembeza watoto, njia fupi inatosha: Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara), Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, kisha Forodha. Kaole msiiweke siku hiyo; magofu yale ya tangu karne ya 13, pamoja na misikiti na makaburi yake, yanahitaji utulivu na asubuhi yake peke yake. Na mtakapofika kwenye habari ya misafara, waambieni watoto kweli yote, kwamba pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa wapagazi na kwamba watu pia walifikishwa hapa wakiwa watumwa. Watoto wa darasa la tano wana uwezo wa kulipokea hilo wakielezwa kwa heshima.

Mkazi wa Dunda alijibu:

Nawashukuru sana. Nimekaa na wenzangu jana jioni tukasoma majibu yenu moja baada ya jingine.

Tumechagua huduma tatu, kama alivyoshauri dada katibu: matone na dawa za minyoo pamoja na vyeti vya watoto walio chini ya miaka mitano, uchangiaji wa damu, na upimaji wa shinikizo la damu. Hii ya mwisho tutaiweka katika darasa la shule iliyo karibu na uwanja, mlango ukiwa umefungwa ili ngoma isisikike sana, iwapo uongozi wa shule utaridhia. Afisa maendeleo ya jamii tutamwalika kwa meza ya maswali tu, na tangazo litasema wazi kwamba hakuna mkopo utakaotolewa hapo. Wazazi wa watoto waliovuka miaka mitano watapewa karatasi yenye orodha ya viambatisho vinavyotakiwa, nayo itasambazwa wiki moja kabla kupitia wenyeviti wa vitongoji, ili asipange foleni mtu asiyehusika.

Jumamosi tutaichagua kwa mwezi, nahodha, na tutakuja kwako na kalenda kabla ya kutangaza. Mashindano ya baharini yatafungwa saa sita, chakula na sala ya adhuhuri vifuate, ngoma zianze saa tisa na kuisha kabla ya magharibi.

Bado tunatafuta boti ya mashine ya kufuatilia ngalawa na watu wawili wa kusimamia maji ya vyooni kwa malipo ya siku. Mwenye boti, au anayemfahamu mtu mwaminifu wa kazi hiyo, aache ujumbe kwa mtendaji wa kata ya Dunda.

Nahodha wa Ngalawa alijibu:

Boti ipo, ya binamu yangu, na mafuta yake tutachangia sisi wavuvi. Ila nitaiendesha mwenyewe.