Kikundi cha waandishi wenye ulemavu: tutume sauti au maandishi?

Hamjambo wenzangu. Niko Likoni, sioni, simu naitumia kwa TalkBack, ile programu inayonisomea skrini kwa sauti. Tuna kikundi kidogo cha WhatsApp cha waandishi wenye ulemavu. Mtu anatuma hadithi, wengine wanaikosoa.

Shida ni namna ya kutuma. Mmoja wetu ni kiziwi, ujumbe wa sauti haumfai kitu. Mwingine ana disleksia (ugumu wa kusoma), aya ndefu zinamchosha, yeye ataka sauti tu. Kuna dada mwenye usonji, simu ikilia kila dakika anaizima na kupotea wiki nzima. Na wapo wanaopiga picha daftari na kurusha: mimi nasikia "picha" basi, hadithi siipati. (TalkBack nayo, ukiiacha kwa sauti ya Kiingereza, inasoma Kiswahili kama mtalii wa Diani.)

Nimefikiria kila kazi itumwe kwa maandishi na kwa sauti, na maoni yawe Jumamosi pekee. Lakini bando si bure, nahofia watu watachoka.

Mliowahi kuendesha kikundi kama hiki, mlifanyaje? Na ipo programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi inayoielewa lafudhi yetu ya Pwani?