MJADALA: Kwenye Monk mhimili ni Kapteni Stottlemeyer, wengine wote wapambe

Kuchele Original
Wakuu, nimeirudia Monk yote toka mwanzo, ile ya mpelelezi wa San Francisco anayeogopa uchafu, urefu, maziwa mpaka kushikana mikono na watu, sizoni nane, 2002 mpaka 2009, na nimetoka na msimamo wangu. Kila siku mnabishana kuhusu wasaidizi wake, Sharona au Natalie, Sharona au Natalie, mtu mwenyewe mnampita. Mtu mwenyewe ni Kapteni Stottlemeyer. Monk hana beji, kazini walishamtoa baada ya mkewe kufa, hana ruhusa ya kukanyaga hata eneo la tukio, anaingia pale kwa sababu kuna bosi mmoja wa masharubu amekubali kuonekana hajui kazi mbele ya vijana wake, anasema niitieni Monk. Sasa niambieni ukweli, hapa kwetu mkuu gani wa upelelezi, yaani OC-CID, atamwita askari aliyeachishwa kazi aje amuoneshe alichokosea mbele za watu?

Na mwanzoni alikuwa hamtaki, tusisahau, epsodi za kwanza anamkunjia sura kama mdai wake. Halafu nenda mwisho wa sizoni ya sita, Monk kasingiziwa kumuua yule jamaa wa vidole sita aliyetega bomu lililomuua mkewe, anakimbia, wanakutana gatini, kapteni ananyoosha bastola, anampiga, Monk chini kwenye maji. Mimi nilisimama. Kumbe wamepanga wawili tu. Kazi yake, pensheni yake, jina lake, kaviweka vyote mezani kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kupita karibu na bomba la maji machafu. Mpambe gani anafanya hivyo?

Sharona na Natalie walikuwa wabeba tishu. Luteni Disher, msaidizi wa kapteni, simhesabu kabisa, yupo yupo tu kama mtu wa Lindi kwenye mnada wa korosho, anapiga makofi kabla bei haijatajwa. Karibuni.

Mtu wa Mingoyo
Nimesoma vizuri mpaka mstari wa mwisho. Mtu wa Lindi kafanyaje?

Babu Shangani
😂😂😂 Kuchele umeshaharibu uzi wako mwenyewe

Nesi Asiyelala
WABEBA TISHU?

Kaka yangu Kuchele mimi ni nesi, na Sharona ni nesi, kwa hiyo leo utanisikiliza. Yule mwanaume mkewe alipolipuliwa na bomu la gari 1997 alijifungia ndani zaidi ya miaka mitatu. Miaka mitatu! Kapteni wako alikuwa wapi? Alikuwa ofisini kwake na masharubu yake. Aliyemtoa ndani ni Sharona, mwanamke ana mtoto anamlea peke yake, anaamka anaenda kubembeleza mtu mzima avae viatu atoke mlangoni, anamgombeza, anamvuta, akigoma anamwacha hapohapo barabarani mpaka anyooke mwenyewe. Hiyo tishu unayoidharau ni dawa. Mgonjwa wa namna ile akishika mkono wa mtu asipopata cha kujifutia kichwa kinasimama, hafikiri tena, kesi imeishia hapo. Sasa Sharona anajua sekunde ya kumpa. Kabla hajaomba. Angalia tena utaona, Monk ananyoosha mkono bila kugeuka na kitu kishafika. Mimi nina wagonjwa wa hivyo wodini na ndugu zao hawajui sekunde hiyo mpaka leo.

Lakini kwenu kazi ya mwanamke ikishakuwa ya mikono inakuwa ya kubeba beba.

Kuchele Original
Dada Nesi sikukusudia wewe.

@Mtu wa Mingoyo ni utani ndugu yangu, watani wa jadi hamjui utani siku hizi?

Mtu wa Mingoyo
Utani una pande mbili. Na mimi ninao mmoja: hiyo bandari yenu ya Mtwara mnayotembea nayo kifua mbele ilichimbwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Mwingereza alikuwa anatafuta pa kupakilia karanga zetu. Karanga zikagoma, reli wakaing'oa, bandari ikabaki kwenu, mkaanza kujiita jiji.

Nahodha wa Mikindani
Karanga ziligoma kwa sababu ya ardhi ya kwenu sasa 😂 bandari yetu haikugoma mpaka leo inapakia korosho, na zenu zikiwemo

Mtu wa Mingoyo
Zikiwemo. Umesema mwenyewe. Bila za kwetu mngepakia mchanga wa Msimbati.

Fundi Flash Majengo
Jamani mada Monk. Halafu Sharona si alikufa? Nakumbuka kama alipata ajali ndo wakamleta yule mweupe mwenye binti

Nesi Asiyelala
Hajafa!! Katikati ya sizoni ya tatu karudi New Jersey kurudiana na baba wa mwanawe Benjy. Ndio akaja Natalie, mjane, mumewe rubani wa jeshi alifia Kosovo, ana Julie. Aliyefariki kweli ni mwigizaji wa yule daktari wa akili, Stanley Kamel, 2008, na kwenye hadithi Dokta Kroger naye wakamzika. Wewe unauza sizoni za watu halafu huzijui.

Fundi Flash Majengo
Nauza dada siangalii, kinyozi ananyoa vichwa vyote

Babu Shangani
Mimi nitasema la kizee. Mnagombania wazima wakati mwenye hadithi yake ni maiti, mkewe Monk. Trudy. Toeni Trudy hakuna Monk, hakuna ugonjwa wa kiwango kile, hakuna kapteni wa kumhurumia wala nesi wa kumlipa. Na siri ya kifo chake alishaiacha mwenyewe kwenye mkanda wa video, ndani ya zawadi ya Krismasi, Monk kaitunza miaka yote hajaifungua. Jibu liko kabatini kwake. Mtu anapeleleza dunia nzima, jibu liko nyumbani na karatasi ya zawadi. Mhusika gani mwingine kafanya kazi hiyo hali yuko kaburini?

Kuchele Original
Babu hiyo nzito, ila Trudy ni sababu, si mhusika wa pembeni. Tunasema wanaoonekana kila wiki wakitoa jasho.

Babu Shangani
Haya. Mkimaliza korosho mniamshe.

Bint Ndanda
Tuseme ukweli Natalie kamzidi Sharona. Sharona alikuwa anamlea Monk, Natalie alimuuliza. Kesi ngapi Natalie ndiye anayeuliza swali zuri? Na alivumilia kulipwa kidogo, Monk mbahili yule, hela yake mpaka uidai kama deni la kitenge. Mwenye roho ya hivyo tumwite mbeba tishu?

Mtu wa Mingoyo
Kuchele hajajibu. Mtu wa Lindi kafanyaje kwenye mnada?

Kuchele Original
We kaka umeng'ang'ania. Basi nijibu. Mnada ule wa nje, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, barua za wanunuzi zinafunguliwa, na wapo wanaoshangilia hata kabla ya kusikia bei ya juu na ya chini. Nimeona kwa macho yangu. Na Disher ndivyo alivyo, kapteni hajamaliza sentensi yeye kashatoa nadharia, mara muuaji ni pacha, mara kajificha humo humo. Anashangilia kabla ya bei. Ndo hivyo tu, tumalize.

Mtu wa Mingoyo
Uliona Lindi sehemu gani? Ruangwa? Nachingwea? Liwale? Maana wakulima wa RUNALI, chama cha ushirika cha wilaya hizo tatu, wakiona bei haieleweki wanaikataa hadharani, mzigo unabaki ghalani mpaka bei ieleweke. Siku hizi bei yenyewe inatoka kwenye TMX, mfumo wa mnada wa kielektroniki, unampigia nani makofi, kompyuta? Wanaouza kangomba, yaani kwa magendo, usiku ndio wasiojua bei, na kangomba unajua imekomaa wilaya gani, tusitajane.

Nahodha wa Mikindani
Tajana tu, unaogopa nini

Mtu wa Mingoyo
Mpaka 1971 tulikuwa mkoa mmoja ndio maana nawaheshimu, ndugu.

Nahodha wa Mikindani
Mkoa mmoja makao makuu MTWARA, malizia sentensi

Mtu wa Mingoyo
Na kabla ya hapo jimbo zima la kusini lilikaa Lindi, na nyie malizieni. Au mnataka nianze na mpira? Namungo yetu iko ligi kuu toka 2019. Ndanda yenu iko wapi?

Bint Ndanda
Usiguse Ndanda 😭

Babu Shangani
Kama ni majigambo Lindi mna mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Tatizo ni kwamba anaishi Berlin.

Kuchele Original
😂😂😂 Babu

Jamani naomba turudi. Swali: nani nguzo. Nimetoa hoja ya gatini, hakuna aliyeigusa.

Nesi Asiyelala
Na mimi nimetoa ya mgonjwa kutoka ndani hakuna aliyeigusa, mnazungumza mijusi.

Hiyo ya gatini mimi naigusa. Sawa kapteni alijitoa. Ila pale pale Natalie analia kwa sababu hajaambiwa. Wanaume wawili wamekaa wakaona mwanamke anayeshinda na mgonjwa kutwa hastahili siri. Umeona ushujaa, mimi nimeona nilichozoea kuona kazini: daktari kabadilisha dawa, kila mtu anajua, isipokuwa anayemlaza mgonjwa.

Kuchele Original
Angeambiwa angeshindwa kulia vizuri, wasingeaminika. Hiyo ni mbinu ya upelelezi dada, usiilete wodini.

Nesi Asiyelala
"Kulia vizuri." Haya.

Mtu wa Mingoyo
Mimi sasa narudi kwenye mada kwelikweli, msije mkasema nalinda kwetu tu.

Disher mnamcheka hamjamwangalia. Monk tatizo lake kama mpelelezi ni kwamba anaona haraka mno. Kaingia chumbani, kaona kiti kimesogea, kaona saa, kashajua. Kapteni mtu mzima, mkimya, anasubiri. Natalie mstaarabu. Sasa mimi mtazamaji niliyekaa Mingoyo nakula ming'oko nitajuaje Monk kaona nini, kama hakuna mtu mmoja mle ndani anayesema kitu cha kipuuzi kwa sauti? Disher anatoa ile nadharia yake ya ajabu, kapteni anafumba macho, Monk anashindwa kuvumilia anamsahihisha, na hapo ndipo sisi tunaelewa. Mchukue Disher mtoe, Monk atatatua kesi kimoyomoyo halafu ataondoka kunawa mikono. Yule ndiye anayefungua mdomo wa steringi.

Halafu mwisho wake mnauficha. Kila mtu kabaki San Francisco, Monk alirudishiwa beji sizoni ya nane, ikamshinda, akairudisha mwenyewe. Nani kaondoka na cheo? Disher. Kaenda kuwa mkuu wa polisi Summit, New Jersey. Na kampata nani huko? SHARONA. Huyo mpiga makofi wenu kachukua cheo na nesi.

Nesi Asiyelala
Hiyo ya mwisho usinichanganye lakini ya kwanza nakupa.

Kuchele Original
Summit ni kimji kidogo tu. Kuwa mkuu wa polisi Summit ni sawa na kuwa mkuu wa kituo mahali ambapo kesi kubwa ni mbuzi kaingia shambani.

Mtu wa Mingoyo
Sasa umeanza kudharau vimji vidogo. Endelea, watu wanasoma.

Nahodha wa Mikindani
Kuchele kaa kimya mwanangu, unazama na bandari yetu

Bint Ndanda
Mimi nauliza tu, tuzo alipewa nani? Tony Shalhoub kachukua Emmy tatu kwa Monk. Kapteni ngapi? Disher ngapi? Sufuri. Kwa hiyo mnabishana nguzo za nyumba ya mtu mmoja.

Kuchele Original
Tuzo za nini tena, tuzo hazipimi hilo. Shalhoub anacheza vile kwa sababu mbele yake kuna uso wa Ted Levine, anayecheza kapteni. Angalia kapteni akimsikiliza, hasemi kitu, anavuta pumzi puani, unaona amechoka na anampenda kwa wakati mmoja. Ungemweka bosi mkali wa kawaida wa sizoni nyingine, wa kupiga meza kila dakika mbili, Monk angekuwa kichekesho tu. Hakuna wa kumwamini, na wewe usingemwamini. Sisi tunamwamini Monk kwa kuazima imani ya kapteni. Hiyo ndiyo hoja yangu toka juu.

Babu Shangani
Ungeanza na hii na ukaishia hapa, ukawaacha watu wa Lindi walale.

Kuchele Original
Babu na wewe upande gani?

Babu Shangani
Mimi upande wa Trudy nimeshasema.

Fundi Flash Majengo
Wakuu kwa wanaotaka zote nane ziko hapa dukani, na ile filamu yao ya 2023 ya kumalizia nayo ipo, njoo na flash yako. Mlioko Lindi namkabidhi konda wa basi la asubuhi, mnapokea stendi.

Mtu wa Mingoyo
Hiyo ya 2023 Disher yumo?

Fundi Flash Majengo
Kwenye jalada naona Disher, kapteni, Natalie

Kuchele Original
Kapteni yumo, unaona.

Nesi Asiyelala
Sharona?

Fundi Flash Majengo
Huyo hayumo dada

Nesi Asiyelala
Basi mimi niwekee sizoni ya kwanza na ya pili tu. Na usinitoze ya nane.