Khlestakov ni tapeli au ni mjinga tu?

Mwigizaji_Umoja: Wasee niaje, kikundi chetu hapa Eastlands tunataka kupeleka Mkaguzi wa Serikali, tamthilia ya Mrusi Gogol, stejini na mimi nimepewa Khlestakov, yule jamaa wakubwa wa mji wanamdhani ndiye mkaguzi. Enzi za shule nilikuwa namwona tapeli sugu, ameona wakubwa wa mji ni waoga akaamua kuwala pesa. Saa hii nikirudia kusoma naona jamaa ni karani tu wa Petersburg, amekwama hotelini hana hata ya chakula, na meya akiingia yeye ndiye anatetemeka akidhani anapelekwa jela juu ya deni! Sasa dairekta anataka nianze kukonyezea watu macho mapema ndio wacheke. Mimi hiyo siioni kwa skripti. Mnasemaje?

MamaTamthilia: Usikonyeze mtu, kijana wangu. Ilipochezwa mara ya kwanza Petersburg 1836 Gogol mwenyewe alilalamika kwamba Khlestakov amefanywa mwongo wa kawaida wa vichekesho. Huyu hana mpango wowote, anaropoka na anaamini anachoropoka. Angalia ile sehemu ya tatu, ametoka kula na kunywa, mabibi wanamkodolea macho, anaanza na ati yeye na mshairi Pushkin ni marafiki, mara supu inamjia na meli kutoka Paris ikiwa ndani ya sufuria, mara matarishi 35,000 wanamtafuta barabarani. Ukicheza kama unajua ni uongo hizo 35,000 zinakufa mdomoni. Kushtuka kwamba amedhaniwa mkubwa wa serikali ni sehemu ya nne, baada ya wote kumkopesha, na hata hapo ni mtumishi wake Osip ndiye anamwambia twende kabla maneno hayajaharibika.

Kiti_cha_Nyuma: Mama amemaliza. Mimi ni mtazamaji tu lakini ombi moja, msiingize majina ya wanasiasa wetu tafadhali. Meya anaagiza wagonjwa wavishwe kofia safi juu mkaguzi anakuja, hakimu anasema wazi anakula rushwa, lakini ni ya watoto wa mbwa wa kuwinda tu, sasa hapo Mkenya anahitaji kuelezwa nini tena??

Mwigizaji_Umoja: 😂😂 mbwa wa hakimu wanabaki. Na ile mwisho wakisimama kama sanamu, Gogol ameandika karibu dakika moja na nusu, si watu watatoka waende zao?

MamaTamthilia: Hawatoki. Habari ya mkaguzi wa ukweli imeingia sasa hivi, wacha wote waive ndani ya huo woga, na mwenye pazia mwambieni asiwaonee huruma. Ikiwezekana meya akiuliza mnacheka nini, washeni taa za upande wa watazamaji na msizizime tena. Na dairekta apewe yale maelezo ya waigizaji ambayo Gogol aliweka mbele ya tamthilia, ayasome kabla ya mazoezi yajayo, mimi siwezi kubishana naye kwa niaba yako.