Mjadala: Nemspesi inabeba maana, au ni jina tu?

Mwanzilishi, Ngara: Wenzangu wa kazi ya data hapa Nairobi, tumeunganisha faili mbili za XML (data inayoandikwa kwa tagi, yaani lebo za kutaja kila kitu), moja ya Kenya, moja ya Tanzania. Zote zina tagi ya "kata". Kwetu kata ni eneo la chifu. Kule kata ina diwani wa kuchaguliwa, yaani kile sisi tunachokiita wadi. Mwenzetu akasema tusihangaike, kila faili ina nemspesi yake, yaani jina linalotenganisha tagi zake na za wengine, kwa hiyo maana inajulikana.

Napinga kabisa. Nemspesi ni sintaksia, kanuni ya uandishi tu. Kanuni ya mwaka 1999 ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, inasema URI ya nemspesi, ile inayofanana na anwani ya wavuti, ni jina, linalolinganishwa herufi kwa herufi. Weka K kubwa palipokuwa na k ndogo, umepata nemspesi nyingine. Kiambishi, kile kifupi kinachotangulia tagi, ndicho kabisa hakina uzito: andika tz: au bongo:, mradi URI ni ile ile, programu haioni tofauti. Inajua kata hizi ni mbili. Kata ni nini, haijui.

Mchangiaji, South B: Ndugu, hapo umekaza mno. Ukimpa mtu jina linaloanza na http, atalibofya. Akute ukurasa mtupu? Jonathan Borden na Tim Bray walitengeneza RDDL, muundo wa ukurasa wa kueleza nemspesi, mwaka 2001 kwa sababu hiyo hiyo, na Bray ni mmoja wa walioandika kanuni ya 1999! Mwaka 2004 W3C yenyewe ilishauri mwenye nemspesi aweke maelezo ya kusomwa na watu na ya kusomwa na programu.

Mwanzilishi: Maelezo yawekwe, dada, hilo sikatai. Lakini ule ni ushauri. Programu inayochambua XML hailazimiki kuufungua ukurasa huo, na faili itapita salama hata kama hakuna kitu pale. Ndiyo maana kosa letu halikuonekana: hakuna kilicholalamika.

Mchangiaji, Kawangware: Mimi naona mnaliacha swali gumu zaidi. Nemspesi mbili tofauti zinaweza kusema kitu kimoja. Wadi ya Kenya na kata ya Tanzania zinakaribiana, ilhali kata na kata haziendani. Nani anayaandika hayo? XML haiwezi. Sisi tuliketi na watu wa takwimu, tukaandika jedwali la ulinganifu, mstari kwa mstari, kabla ya kugusa faili.

Mwanzilishi: Jedwali hilo mliliweka wapi, ndani ya faili au kando?