Mrejesho: Utumishi wa babu katika Keya, Burma 1944

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuthibitisha kama babu mzaa baba, aliyekuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili, alifika Burma kweli, na alitumikia batalioni gani. Jibu limepatikana, nami nawashukuru kwa dhati mliosisitiza nianze na cheti cha kuachishwa jeshi. Shangazi alikuwa amekihifadhi sandukuni pamoja na Nyota ya Burma. Nishani yenyewe haina jina, lakini cheti, ingawa kimechanika kwenye mkunjo, bado kinasomeka: batalioni ya 36, yaani ya Tanganyika.

Batalioni hiyo ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944 ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za huko, njia zikiwa tope tupu na malaria ikiwaandama askari, hadi Desemba ilipovuka mto Chindwin. Sasa naelewa kwa nini babu alisimulia mvua kuliko risasi.

Shajara za vita za vikosi vya huko zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu WO 172. Kwa maoni yangu, mtu asitarajie kukuta humo jina la askari wa kawaida, kwani wanaotajwa kwa kawaida ni maofisa. Faida yake ni kujua kikosi kilikuwa wapi siku kwa siku. Nimeagiza nakala za Agosti hadi Desemba, na mwenye mzee wa batalioni hiyohiyo aniandikie, nimsomee.